Chuma cha Kufungia Ng'ombe

Mimi hutengeneza redio na mashine za muziki za zamani hapa Roret, na sipendi kurudishiwa kazi. Ndiyo maana yule mzee wa ng'ambo ya mto aliponirudishia priamp yake, nilimpokea nimekunja uso. Priamp ni kile kisanduku kinachoipa sauti nguvu ya kwanza kabla haijaingia kwenye amplifaya kubwa, na chake kilikuwa cha tangu enzi za santuri. Nilikuwa nimebadilisha kapasita zake zote za kuchuja umeme, maana za zamani zilikuwa zimevimba na kukauka. Dukani kwangu kilinyamaza kabisa. Kwake, alisema, bado kinavuma.

"Fundi, wewe umeweka nyuki ndani," akanitania, lakini macho yake hayakucheka.

Alikuwa na kaseti moja tu ya maana. Ndani yake binti yake, aliyekuwa msomaji kanisani, anasoma zaburi kwa Kipsigis. Radi ilimuua akichuma chai, kikapu kikiwa mgongoni. Hakuna mahali pengine sauti yake imebaki. Na masikio ya mzee yalikuwa yanafunga. Alianza kwa kutosikia ndege, wakafuata wajukuu, na sasa mkewe alilazimika kumgusa bega kwanza ndipo amsemeshe. Alitaka kumsikia binti yake kabla masikio hayajafunga kabisa, na mvumo ule, alisema, unamfunika.

Nikaenda kwake. Kweli, kisanduku kilivuma, mvumo mzito usiokatika. Nilipokigusa, vidole vikashtuka, nikajua ugonjwa hauko ndani yake. Umeme uliokuwa unavuja haukuwa na pa kwenda. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikakuta waya wa athi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, unaning'inia ukutani, na kile chuma kirefu kinachopigiliwa ardhini kushika waya huo hakipo.

Sikushangaa. Huku kwetu msimu wa mvua radi hupiga alasiri kwa alasiri, na kuna maboma mengi ambako chuma hicho kimeng'olewa kwa sababu watu wanaamini ndicho kinachoiita. Jambo hilo hunitia hasira sana. Nimewahi kubishana na watu juu yake hata matangani, bila aibu.

"Mzee, chuma ya hapa iko wapi?"

Akanyoosha bakora kuelekea malishoni. Ng'ombe wake alikuwa amefungwa kwenye chuma hicho.

"Nilitoa siku tulimzika," akasema. "Hiyo chuma ndio iliita ilat." Ilat ndiyo radi kwa lugha ya hapa.

"Radi haiitwangi, mzee! Bila hiyo chuma, hii kitu italia tu!"

Ilinibidi nipaze sauti ili anisikie, na ikatoka kama namgombeza. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniangalia vibaya. Niliona haya.

Upande wa Soin mawingu yalikuwa yameanza kupanda. Mzee aliyatazama, akatazama mistari ya chai alikoangukia binti yake. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaenda mwenyewe, akamfungua ng'ombe, akaking'oa kile chuma na kuniletea.

"Weka," akasema. "Kama inataka kuita mtu, iniite mimi."

Nikakipigilia kwenye udongo mbichi kando ya ukuta, nikafunga waya, tukaingia ndani. Nikawasha kaseti. Mvumo ulikuwa umekwisha. Ikatoka sauti ya binti, nyembamba, safi, mpaka pumzi zake kati ya mistari, mpaka ukurasa ukifunuliwa. Mkewe akajifunika uso kwa leso akalia. Mimi nikafurahi, ile furaha ya kijinga ya fundi ambaye kazi imekubali, nikamgeukia mzee ili anipongeze.

Alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio, anasubiri.

"Fundi," akasema, "mbona umezima?"

Mvumo ule mzito ndio pekee uliokuwa bado unamfikia. Sauti nyembamba ya binti ilikuwa imeshamwacha, na sote tulikuwa tumelaumu kisanduku. Mkewe alinyoosha mkono amguse bega amwambie, kisha akaurudisha mapajani. Binti aliendelea kusoma.