Seva ya Kanda za Maskati

Niliacha skuli kidato cha pili, na tangu hapo sikutulia pahala. Nimechuma karafuu Kizimbani, nimepakia mizigo bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, nimefunga nyaya za umeme kwenye nyumba za watu Chukwani. Kilichofunguka kwa bisibisi nilikifungua. Kwa hiyo ofisi moja ya bandarini ilipotupa kompyuta yake kuukuu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, niliibeba begani hadi nyumbani kwa shangazi yangu, aliyenilea.

Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti kumi na sita tu. Ukifungua programu, unaweza kwenda kuoga na kurudi haijafunguka. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba mashine dhaifu namna ile bado inafaa kuwa seva, yaani ghala la mafaili ambalo kompyuta nyingine za nyumbani huchota humo. Nikaitia diski kubwa zaidi, nikaiwekea mfumo wa bure usiochora picha yoyote, amri za maandishi tu, nikaipandisha juu ya kabati la ukumbini. Waya mmoja ulikwenda kwenye kompyuta ya chumbani kwangu, mwingine kwenye ile ya sebuleni. Ilipokubali kufanya kazi nikaiondolea skrini na kibodi, maana haikuvihitaji tena.

"Kompyuta gani hii haina uso?" shangazi aliuliza.

"Inafanya kazi hivyo hivyo, shangazi."

"Kama wewe basi. Kazi haionekani, ila kula inakula."

Nilichotaka kukihifadhi humo ni kanda za mwanawe, binamu yangu, aliyehamia Maskati miaka ya themanini. Wakati ule barua zao zilikuwa za sauti. Mtu anakaa mbele ya redio kaseti, anasema yake yote, kisha anampa msafiri kanda. Sasa zilikuwa zimeanza kuota ukungu. Nikazicheza moja moja, nikazirekodi kwenye kompyuta yangu, nikazihamishia kwenye seva. Shangazi alizisikiliza sebuleni huku akichambua mchele, akimjibu mwanawe kana kwamba yupo mlangoni.

Kanda zile zote zilikuwa za binamu. Nikamuuliza shangazi zake ziko wapi.

"Si hizo hizo? Yeye akishanisikiliza, anarekodi juu yangu, anairudisha. Mimi nkashindwa kumfuta, nkawa nnanunua mpya."

Ndivyo walivyofanya wengi, kanda moja iende na irudi. Chini ya kila jibu la binamu palikuwa na maneno ya mama yake, yamefutika.

Nikamwomba aseme chochote, nimtie na yeye kwenye seva.

"Sauti yangu ya nini, na mimi nipo hapa? Rekodi walio mbali."

Nilirudia kumwomba. Leo kifua kimebana, kesho ana wageni. Ilinijia niache maikrofoni wazi sebuleni bila kumwambia, nikaona ni kama kumwibia. Mpaka leo sijui kama niliona sawa. Kifua kile hakikuachia. Alifariki kabla ya Ramadhani.

Binamu alikuja kwa hitima. Watu walipokwisha kula na kuondoka, akakaa nami mbele ya kompyuta ya sebuleni.

"Nnasikia umezihifadhi kanda, ndugu yangu. Nifungulie ya mama."

Nikamweleza. Nadhani hakunielewa, au hakutaka, kwa sababu alisema nifungue tu. Nikafungua ya kwanza. Ikatoka sauti yake mwenyewe ya ujanani: "Naam, mama, nimekusikia. La paa la nyumba nshalielewa. Na hilo ulilonicheka, wallahi hata mimi nlicheka peke yangu."

Akanigeukia.

"Alinicheka kwa lipi?"

"Sijui. Ulikuwa unamjibu wewe."

Akakisogeza kiti karibu na kompyuta. Kisha akasema nifungue nyingine, pengine atakumbuka. Tukazifungua zote, na katika kila moja kijana yule alikuwa akiitikia, akiomba radhi, akicheka, halafu akinyamaza kidogo kama anayesubiri.