Pedali ya Kushoto ya Baiskeli ya Baba

Leo nimemwomba mtu nisiyemjua pedali ya baiskeli yake, naye akaniomba yangu.

Ngojeni niwaeleze.

Baba ana baiskeli ya zamani ya Kifaransa. Pedali ya kushoto ilivunjika, na kila fundi hapa Kericho ameshindwa. Pedali za kawaida haziingii, na ukilazimisha unaharibu nyuzi za skrubu.

Tangu siku hiyo Baba hatoki nyumbani. Ati kutembea kwa miguu ni kwa wazee. 😂

Sasa leo nikiwa Kapsoit, nikaona baiskeli kama yake imeegemezwa nje ya kinyozi. Pedali ya kushoto iko, tena nzima!

"Chamgei, mzee," nikamsalimu mwenye baiskeli kwa Kikalenjin. "Unaweza kuniuzia hiyo pedali?"

Mwenyewe akaniangalia sana.

"Wewe uko na ya kulia? Nimeitafuta mpaka nimechoka."

Weh! Kuangalia upande wa pili wa baiskeli yake, hakuna pedali.

Hakuna anayetaka kuachilia yake.

Mwishowe akacheka. "Haya, twende kwa baba yako. Lakini mimi ndiye napanda kwanza."

Kufika nyumbani, pedali yake ikaingia kwenye baiskeli ya Baba kwa vidole tu. Mzee akapanda, akateremka katikati ya majani chai akiimba, Baba nyuma anamkimbiza na gambuti miguuni: "Rudisha! Ni zamu yangu!"

Jameni, Baba kukimbia!

Saa hii wanakunywa chai wakibishana. Baba anasema baiskeli ni yake. Mzee anasema bila pedali yake hicho ni chuma tu.

Nyinyi mnasemaje?