Anti Filo, Aliyenifundisha Kutazama Masikio

Siamini hadi sasa, jamani. Leo asubuhi kazini nimeandaa vikombe viwili vya chai kama kawaida, ndipo nikakumbuka.

Anti Filo ametutoka Jumanne. Ujumbe wa binti yake niliusoma ndani ya basi la kwenda Kipling, nikapitiliza vituo vitatu bila kujua.

Kwa msiomfahamu: Filomena, Mgoa wa Tanga, mwalimu mstaafu. Alikuwa akijitolea kwenye stoo ya jumba la makumbusho ninakofanya kazi hapa Toronto. Kazi yake ilikuwa kutambua nani alifinyanga na nani alichora vyungu vya Wagiriki wa kale. Vingi havina jina la mtu. Yeye aliwajua kwa mkono wao tu.

Siku ya kwanza nilimsalimia "Good morning." Akasoma jina kwenye beji yangu, akaniangalia juu ya miwani. "Rehema, shikamoo yako imeishia airport?" OMG, aibu niliyoiona!

Nilikuwa nimetoka kwenye ghala kule Malton. Miaka sita ya shifti, mgongo umekwisha kwa kunyanyua maboksi. Hii kazi ya stoo niliitaka kuliko kitu chochote, na nilikuwa bado kwenye probation, kipindi cha majaribio.

Sasa sikilizeni nilichofanya wiki ya pili.

Ghalani, ukimaliza shifti ukaacha meza chafu, unasemwa. Basi mimi nikaona trei mbili za vigae vya vyungu, zina vumbi la miaka. Mikono ikaniwasha. Nikamwaga vigae vyote kwenye kitambaa kimoja, nikafuta trei zikang'aa. Vikaratasi vya maelezo vilikuwa chini ya vigae, havijabandikwa. Vigae sitini na kitu vya trei mbili tofauti, kila trei na mafundi wake, vyote vimechanganyika!

Anti Filo akaingia. Akatazama kitambaa, akanitazama mimi. "Umeviosha?"

"Hapana Anti, nimefuta trei tu."

"Haya, mshukuru Mungu. Nenda kamwambie bosi mwenyewe, sasa hivi, kabla hujapata muda wa kutunga uongo. Mimi nakuja nyuma yako."

Nikaenda nalia. Yeye kweli alikuja, akasimama nyuma yangu na kikopo chake cha chakula mkononi. Bosi akatupa wiki moja kurudisha kila kigae kwenye trei yake.

Nilidhani tutatazama picha: farasi huku, askari kule. Anti akacheka. "Picha kila mtu aliiga ya mwenzake. Tazama masikio. Tazama kifundo cha mguu. Pale mchoraji hafikiri, mkono unakwenda wenyewe."

Nikamwambia sikio ni sikio. Akasema darasani kwake Tanga watoto arobaini waliandika herufi ileile, na daftari lisilo na jina bado alilijua ni la nani.

Tukakaa chini. Siku ya pili, nikaona! Mmoja alichora sikio kama ndoano, haraka haraka. Mwingine aliweka mistari miwili na kidoti, kwa utulivu. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Vile vigae vyeusi visivyo na picha vilinikatisha tamaa. Akanigeuzia kimoja upande wa ndani. "Huyu sasa ndiye mfinyanzi. Pitisha kidole." Nikapitisha, nikahisi mifuo iliyoachwa na vidole vyake gurudumu likizunguka. Mmoja alifinyanga nyembamba, mwenzake nene. Mwili ulinisisimka.

Saba vilitushinda. Mimi nilitaka tubahatishe, nani angejua? Anti akachukua penseli akaandika kwenye kadi yao "Havijulikani", akapiga mstari chini yake. "Kazi hii ukidanganya mara moja, na yale uliyosema kweli hayana maana tena." Nililala na hofu, nawaambia ukweli.

Wiki ilipokwisha, bosi akapata picha ya zamani ya zile trei kwenye kabati la ofisini. Tukalinganisha kigae kwa kigae. Tulikosea kimoja tu. Na hicho tulikuwa tumebishania, Anti akashinda kwa sababu ya umri! Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akawatangazia watu wote kwenye chumba cha chakula: "Mimi nimekosa, Rehema amepata."

Kazi nikabaki nayo. Siku hiyo alinipa nusu ya mchuzi wake wa samaki wa nazi, ule ambao akiupasha kwenye microwave ghorofa nzima inajua.

Anti, watu wanasema pole, nami nashukuru. Lakini zaidi nina furaha kwamba nilikukuta. Ungeweza kukaa pembeni siku ile ya trei, nami ningerudi Malton.

Kadi zote za vyungu ulizoandika hazina jina lako. Kila nilipokuomba uweke hata herufi mbili, ulisema chungu si chako. Leo nimefungua droo zetu. Namba 7 zako zenye kistari tumboni, penseli yako nyepesi, "Haijulikani" yenye mstari chini. Nimezijua zote, Anti, hata moja haikunipita.

Unakumbuka kile kikombe ulichokipenda, kimojawapo cha vile vichache vyenye sahihi? Ulikuwa ukinisomea yale maandishi madogo, kikombe chenyewe kinasema: fulani alinitengeneza.

Pumzika sasa, Anti yangu. Shikamoo ya mwisho hiyo, na haikuishia airport.

Mimi ni Rehema. Filomena alinitengeneza.