Niliweld bomba la galvanized, ngege wa Mama Atieno wakarudi ziwani

Wakuu, hamjambo huko mliko? Hii naileta vile ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha.

Mimi ni fundi wa welding hapa Karungu, kando ya Ziwa Victoria. Jirani yangu Mama Atieno, mjane, aliniambia nimtengenezee fremu ya cage, yaani kizimba, ya kufugia samaki aina ya ngege ziwani.

Nikanunua mabomba ya galvanized, yale yenye ngozi ya zinki ya kuzuia kutu, nikaweld, nikapaka rangi ya silver kwa joint. Ikang'aa! Nikajisifu hadi kanisani.

(Wazee husema ukiweld bomba kama hilo unywe maziwa. Mimi nasema vaa mask ya moshi, ule moshi wa zinki utakulaza.)

Kabla samaki hawajakomaa, kona moja ikakatika. Wavu ukalala, ngege wote wakaenda.

Mama hakupiga kelele. Alileta ile kona, akaiweka kwa meza yangu.

"Nyathina, mwanangu, samaki wamerudi kwao. Sasa utafanya nini?"

Wallahi, niliishika ile kona nikaigeuza. Nikaapa lazima nijue shida iko wapi.

Kuangalia hivi, bomba lenyewe ni zima. Kutu iko kwa joint tu. Moto wangu ndio ulichoma zinki!

Nikatafuta vyuma vitatu. Kimoja nikapaka rangi ya zinki. Cha pili kilipakwa zinki kwa umeme, kama zile bolt zinazong'aa kwa hardware. Cha tatu kilizamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka. Nikavikwaruza vyote na msumari, nikavitumbukiza ziwani kwa kamba moja.

Kile cha umeme, mrembo wa dukani, kilishika kutu kwanza. Rangi ilivumilia, halafu ikabanduka pale kwa mkwaruzo. Cha kuzamishwa, na sura yake ya majivu, kikakataa kabisa. Zinki yake ni nene, inaliwa yenyewe kwanza ndio chuma kipone.

Basi nikauza pikipiki yangu. Nikaweld fremu mpya vipande vipande, nikatoboa matundu zinki iingie na hewa itoke, nikapeleka Nairobi izamishwe. Iliporudi nikaunga kwa bolt zilizozamishwa pia. Sikuwasha welding tena. Mama akaweka vifaranga wapya.

Juzi Mama alivua. Aliniletea ngege wawili.

Funzo: weld kwanza, zamisha baadaye.

Ile kona nilitaka kuitupa, Mama akakataa. "Itundike mlangoni." Iko hapo. Wateja huuliza, "Omera, ndugu yangu, fundi gani alifanya kazi mbaya hivi?"

Nawaambia ni mimi.

Haya, na wewe fundi mwenye kona yako iliyovunjika, ilete hapa tujifunze.