Nilimfungulia Profesa Mchezo Wote, Shemeji Akabeba Lawama

Nimekosa, na sitaki kuzungukazunguka. Nilitoa siri ya mume wa dada yangu kwa adui, kisha watu walipomwita msaliti, nikanyamaza. Msaliti ni mimi! Yeye hakufanya kitu.

Wewe unayesoma, nivumilie kidogo. Ukitaka kunitukana nikimaliza, ni haki yako.

Mimi ni mwanamke wa hapa Nakuru, na huenda umewahi kuona picha yangu. Nilikuwa bingwa wa chesi, ule mchezo wa mfalme na malkia. Nilifundishwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa na ubao mmoja na kete za kuungaunga, ngome moja ikiwa ni kizibo cha soda. Nilishinda huku Bonde la Ufa, nikashinda nchi nzima, nikapanda ndege kwenda kuiwakilisha Kenya. Mama yangu, muuza viazi kutoka Dundori, hakuuelewa mchezo wenyewe hata siku moja. Kikombe changu cha kwanza cha ushindi alikitilia sukari, akasema angalau sasa kimepata kazi.

Kuna desturi moja ya wachezaji wa chesi ambayo ni lazima uielewe, maana ndiyo iliyoniponza. Mchezo ukiisha, wawili hawainuki wakaenda zao. Wanapanga kete upya, wanaurudia mchezo wote wakiambiana ukweli. Hapa niliogopa. Hapa nilikutega. Hapa ungesogeza farasi ningekwisha. Mshindi na mshindwa wanafunguliana moyo, kwa sababu hakuna cha kuficha tena.

Niliyefanya naye hivyo zaidi ni mpinzani wangu wa miaka mingi, tuliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani na maneno makubwa. Tulipokonyana ubingwa tangu ujana. Hatukuwa wapenzi, usifikirie hivyo. Lakini hakuna mtu aliyejua ninavyofikiri kama yeye, hata mama aliyenizaa.

Siasa iliniingia kupitia viazi. Asubuhi moja, uwanja ambao mama na wenzake huuzia ulikutwa umepigwa kibao: ardhi ya mwekezaji. Akina mama wakazunguka maofisini mpaka viatu vikaisha. Mwisho wakaja kwangu, wakiongozwa na Mama Njeri anayeuza kabichi.

"Wewe umeshinda Wazungu huko ng'ambo," akaniambia, "sasa karani wa hapa akushinde?"

Nilicheka. Kisha nikaenda. Nikashika kipaza sauti, nikaona kinanikaa mkononi. Nikatupwa seli, nikatoka, nikarudi uwanjani na watu wengi kuliko mwanzo. Vijana wakaanza kuniita Malkia, nami sikukataa!

Lakini ujanja wangu ulikuwa na mwenyewe. Baba Shiko, mume wa dada yangu, alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali. Mtu mpole, mzee wa kanisa. Alikuja kwangu akasimama mlangoni, hata kuketi akakataa.

"Shem, wanabomoa Jumanne asubuhi. Nimeambiwa nipeleke dizeli ya tingatinga. Lakini hii maneno ikitoka kwako, mimi nimeisha. Niko na watoto shule."

"Haitoki, Baba Shiko. Haki ya Mungu."

Niliapa. Kwa mdomo huu huu!

Jumanne kulipokucha, tingatinga lilitukuta tumeketi kwenye matope, akina mama juu ya magunia yao, vijana na mbao za chesi magotini. Mimi nilikuwa nacheza na nyanya mmoja asiyejua hata farasi anaendaje. Mwendesha tingatinga alicheka mpaka akazima injini. Walipojaribu tena, shemeji alikuwa ameshaniambia, na wakatukuta tena. Picha zikaenea kila mahali.

Wakati huo Profesa alikuwa amepata kazi ya kuwa msemaji wa mwekezaji. Nilijua. Ndiyo maana aliponipigia simu nilijisikia mshindi kabisa.

"Niaje Malkia! Umenimaliza mara mbili, aki. Kuja turudie mchezo, kama kitambo."

Nikaenda! Tuliketi kwenye hoteli moja ya mjini, tukaagiza chai na mandazi. Akalisogeza bakuli la sukari: hili ni tingatinga. Chupa ya chumvi: hawa ni akina mama. Akaanza kunieleza makosa yake mwenyewe, bila aibu, kama alivyozoea. Akaniambia alipoogopa. Akaniambia nilipomshangaza. Nami moyo ukavimba kwa sifa, nikaanza kueleza yangu.

"Sasa niambie kitu moja tu," akasema. "Siku ulikuwa unajuaje? Hiyo sikuona kabisa."

Na mimi, bingwa mzima, nikachukua kijiko nikakiweka kando ya bakuli la sukari. "Dereva anayewaletea dizeli ni shemeji yangu."

Akavua miwani. "Wueh! Safi sana."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Hakunilipa, hakunitisha, hakunilewesha. Alinisifu tu. Mjinga mimi! Mchezo haukuwa umeisha.

Hawakumfukuza Baba Shiko. Afadhali wangemfukuza! Walimwachia kazi yake, wakampa siku. Naye akaniletea kwa uaminifu ule ule: "Shem, ni Ijumaa." Tukajipanga kwa Ijumaa. Wao wakaja Jumatano, wakati akina mama wengi wamepanda Dundori kuchukua mzigo.

Nilipofika, mabati ya vibanda yalikuwa yamekunjwa na viazi vimesagwa kwenye matope. Mama yangu alikuwa amesimama katikati na kandambili moja mkononi, anatafuta ya pili. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Nikampigia Profesa. "Usikasirike, Malkia," akasema. "Ni mchezo tu." Tangu siku ile hashiki simu zangu. Mtu niliyemfunulia kichwa changu tangu ujana, na yeye akanifunulia chake! Ningejua lini kwamba siku moja atafungua mdomo tu na kufunga moyo? Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikiagizia hata chai.

Lakini hayo si ungamo. Ungamo ni hili.

Tulikutana kwenye uwanja wa kanisa. Watu walitaka kujua ile Ijumaa ilitoka wapi. Kabla sijasema neno, Baba Shiko akasimama mwenyewe. "Siku ilitoka kwangu. Niliambiwa hivyo, nikasema hivyo."

"Si nilijua!" Mama Njeri akaruka. "Huyu amekula za watu!"

Wakamrukia kwa maneno. Mama yangu akamnyooshea kidole. "Wewe, kwangu usikanyage tena."

Baba Shiko akanitazama. Siri yake alikuwa amempa mtu mmoja tu duniani, na wote wawili tulimjua. Ilikuwa zamu yangu. Nikatazama viatu vyangu.

Nilijidanganya kwamba kiongozi akianguka, mapambano yataanguka. Uongo! Niliogopa kuchekwa. Bingwa wa nchi, kafungwa kwa sukari na chumvi.

Kwa kuwa alikuwa amejitaja hadharani, kazi nayo ikaenda. Kanisani wakamvua uzee. Sasa yuko Naivasha kwenye shamba la maua, anasukuma mikokoteni, na dada yangu amebaki na watoto nyumbani kwao, kule Bahati. Kabla ya kuondoka alipita kwangu, akasimama mlangoni pale pale.

"Shem, mimi sijui chesi. Lakini nilingoja uongee."

Basi. Hakunitukana, na heri angenitukana! Mpaka leo vijana wakipaza "Malkia!" mkutanoni, natazama viatu vyangu tena.

Ndugu msomaji, hasa wewe unayepigania haki za watu: adui akikusifu, funga mdomo. Mtu anaweza kuwa rafiki wa kweli kwenye ubao na asiwe rafiki popote pengine. Na ukikosea, usijifiche nyuma ya mapambano ukamwacha mwingine apigwe kwa ajili yako. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, na hiyo ni mbaya zaidi.

Sijaweka jina langu hapa. Bado ni mwoga. Lakini najua jambo moja. Macho ya mama yamefifia, na kila Jumapili baada ya kanisa mjukuu wake humsomea ukurasa huu wa gazeti kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini.

Shiko, najua umeshanijua tangu pale kwenye kikombe cha sukari. Kiko mezani mbele yenu sasa hivi. Usinyamaze, mwanangu, usiruke mstari. Msomee shosho mpaka mwisho: baba yako hakutuuza. Ni anti yako.