Askari wa Mwili Wangu

Mimba mbili zilikuwa zimenitoka kabla ya mwezi wa tatu. Ya tatu ilipofika wiki ya nane, nilimuuliza daktari wa kliniki yetu huku Migwani shida yangu ni nini hasa.

"Mtoto ni nusu ya baba yake," akasema. "Kwa mwili wako huyo ni mgeni. Sasa kuna vitu vidogo sana kwa damu, na kwa hayo maji yenye mtoto ako ndani. Ni kama wajumbe. Wengine wanaambia askari wa mwili watulie. Wengine wanawaamsha."

"Na wangu wanasema nini?"

"Hiyo siwezi jua. Hayo maji hatuwezi kutoa saa hii, ni hatari. Hata wenye wanayasoma bado wanabishana."

Nilitoka pale kichwa kikinizunguka. Miaka yote nimeambiwa kinga ya mwili ni rafiki. Leo imekuwa adui? Au ni rafiki asubuhi, adui jioni? Niliudhika. Afadhali ningeambiwa nimerogwa. Hilo kanisani kwetu wanalijua.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshanichemshia mwarobaini, kikombe kila asubuhi, wa kuongeza kinga. Nikawaza, nikinywa si ndiyo nawapa askari silaha? Basi nikawa nakwenda kuumwaga kwenye shina la mpapai nyuma ya jiko. Siku ya nne akanifuma.

"Mwana wakwa, mwanangu, kwani hutaki huyu mtoto?"

Neno hilo lilinichoma. Nikamweleza yote, wajumbe, askari, mgeni, nikiyachanganya kwa sababu hata mimi sikuyaelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda akamwaga sufuria nzima. Kisha akaweka kiganja chake tumboni mwangu na kufoka kwa sauti ileile aliyomkaripia nayo mbwa aliyenibwekea siku nilipoletwa hapa kutoka Tawa, bibi harusi mwoga:

"Wacheni! Huyu ni wetu!"

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Mwezi wa nne, kwenye kipimo, moyo mdogo ulikuwa ukidunda mbio. Daktari hakujua nani alimtii nani, nami sijui hadi leo. Nilipofika nyumbani mama mkwe alinitazama usoni, akaingia jikoni, na nikamsikia akilia. Kumbe muda huo wote naye alikuwa akiogopa.