Papa Aliyelala Mchangani

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wa Kakamega kwamba papa hana mfupa hata mmoja, na kwamba asipoogelea hufa. Sikuwa nimewahi kumwona. Kuogelea nilijifunza ukubwani, kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, wahudumu wakinicheka. Likizo ya Agosti mwaka juzi nikamfuata binamu yangu Kwale, ambako huongoza wapiga mbizi.

"Ukimwona, usimwendee mbio wala usimkimbie," aliniambia akinifunga mtungi wa hewa mgongoni.

Tulimkuta chini ya mwamba, mrefu kama mimi, amelala mchangani. Amelala! Matamvua yake yalifunguka na kufungika taratibu. Niliposogea niliona ndoano yenye kutu pembeni mwa mdomo, na mshipi uliomzunguka pezi hadi ukamkata ngozi. Binamu alinyoosha mkono aushike. Papa akainuka, akatuzunguka mara moja, jicho lake kwangu, akaenda zake na mshipi wake. Niliogopa, lakini nilitamani arudi.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mumias kumsalimu mama mkwe. Alinipakulia obusuma, ugali wa kwetu, kwa mchuzi wa samaki mkavu.

"Samaki gani huyu, mama?"

"Papa. Kaka yangu ameniletea kutoka Mombasa. Kula, mwanangu."

Niliomba kuviona vipande vilivyobaki. Ngozi yake ilikwaruza vidole kama msasa. Nilipomuuliza papa hao walikuwa wakubwa kiasi gani, alipima kutoka ncha za vidole hadi kiwiko.

"Basi hao walikuwa watoto," nikasema. "Papa hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa, na hazai wengi."

Aliweka mwiko chini. "Hunyonyesha?"

"Hapana. Akishazaa huwaacha wajitafutie."

"Maskini." Alifikiri kidogo, kisha akaniongezea mchuzi. "Huyu amekwisha kufa. Tumle."

Tulipomaliza alimpigia kaka yake, akamwambia safari nyingine alete nguru. Nilimsikia mzee akicheka: nguru siku hizi ni adimu, vipapa ndivyo vinavyojaa sokoni.

Tangu hapo kaka yake humletea nguru akimpata. Asipompata huja mikono mitupu, na mama mkwe hunipigia simu kunilaumu. Akishamaliza kulaumu, huuliza: je, papa husikia? Hunusa vipi majini? Juzi alitaka kujua kama wana meno ya utotoni.